Ushuhuda na Nguvu ya Nafsi: Vigezo vya Kuhakiki Masimulizi ya Imani kutoka Frere Town hadi Eldoret

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyapa masimulizi ya imani ya Kikristo nafasi finyu mno. Tenzi za Kiislamu za Pate, Lamu na Mombasa zimehaririwa, zikafasiriwa na kufundishwa vyuoni kwa miongo mingi, na ni haki yake kwani ndizo nguzo za ushairi wa lugha hii. Ushuhuda umeachiwa wanateolojia na wanahistoria. Kwa ushuhuda hapa inakusudiwa kauli ya mtu anayeeleza mbele ya wengine jinsi imani ilivyomgeuza au inavyomwongoza, kwa nia ya kuwavuta au kuwatia moyo. Mhakiki wa fasihi akikutana nao hupita kando, kama mtu apitaye karibu na mkutano wa injili sokoni: husikia sauti, asisimame.

Sababu mbili hutolewa kuhalalisha hali hiyo. Ya kwanza ni kwamba ushuhuda una shabaha iliyo wazi mno. Lengo lake ni kuongoa, na kazi yenye lengo la kuongoa huhesabiwa kuwa propaganda kabla haijasomwa. Ya pili ni kwamba fani yake ni ya kukariri: nilikuwa mwovu, niliitwa, nikaokoka, nawe waweza kuokoka. Sababu hizi zina ukweli ndani yake, lakini hazitoshi. Fasihi ya Kiswahili imejaa kazi zenye shabaha ya wazi, kuanzia tenzi za mawaidha hadi riwaya za ukombozi, na hakuna aliyezitupa kwa ajili hiyo. Ama kuhusu ukariri, ngano na majigambo pia hufuata miundo iliyokwisha kuzoeleka, na mhakiki hodari huyasoma ndani ya mazoea hayo, akitafuta pale msimulizi anapoyavunja.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ushuhuda ni utanzu wenye kanuni zake, na kwamba nyenzo yake kuu ni nafsi ya msemaji kuliko hoja au pambo la lugha. Kwa hiyo hauwezi kupimwa kwa maneno peke yake. Hupimwa kwa uhusiano uliopo baina ya maneno, anayeyasema na anayeyasikiliza. Maswali matatu yanapendekezwa kuwa vigezo: Ni nani anayelipa gharama ya kauli, msemaji au msikilizaji? Je, msikilizaji ameachiwa nafasi ya kujibu? Na neno “sisi” katika kauli hiyo linawakusanya akina nani?

Umuhimu wa maswali haya unavuka mipaka ya darasa la fasihi. Mnamo mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofuata, waliokufa walikuwa wafuasi wa kikundi cha kidini waliokuwa wameaminishwa kufunga kula ili wamfikie Mwokozi wao. Waliokwenda msituni walivutwa na maneno, na maneno hayo yalibebwa na nafsi ya msemaji. Taaluma inayodai kuchunguza jinsi maneno yanavyowagusa watu haiwezi kusema kwamba jambo hilo haliihusu.

Nafsi kama Hoja

Kwamba tabia ya msemaji ni sehemu ya hoja yake si wazo geni. Aristotle, katika kazi yake juu ya balagha, aliitaja tabia ya msemaji kuwa mojawapo ya njia tatu za kumshawishi msikilizaji, pamoja na hisia za hadhira na mantiki ya hoja yenyewe. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya nne, akayafanya maisha yake mwenyewe, pamoja na aibu zake, kuwa njia ya kumweleza Mungu. Hata hivyo mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali hivyo. Lugha yenyewe ina hazina ya kumtosha.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Mawaidha yake juu ya Mungu, Mtume, wazazi na mume yangeweza kutolewa na mwalimu yeyote wa chuo. Kinachoyapa uzito ni kwamba mtunzi anayaegemeza kwenye maisha yake: anaeleza jinsi alivyoishi na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, hadi mauti yalipowatenganisha. Hata wahakiki wa kisasa wanaoyapinga mafunzo ya utendi huo kuhusu mwanamke hulazimika kukabiliana na sauti hiyo ya mama, kwa sababu haiwezekani kuyatenga mafunzo na mfunzi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauelekezea mawaidha moyo wake mwenyewe, na msomaji husikiliza kama apitaye mlangoni akasikia mtu akijisuta. Hapa nafsineni hujihukumu kwanza, na ni kwa kujihukumu anapata haki ya kusikilizwa.

Kwa hiyo ushuhuda wa Kikristo ulipoingia katika Kiswahili haukuingia katika nyumba tupu. Uliikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na desturi ya wasia na ya kujisuta, na jamii iliyokwisha kuamua kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii ni nadharia nzima ya uhakiki kwa maneno machache. Inakubali kwamba kunena ni desturi ya kila mtu, lakini inakataa kumpa mneni heshima mpaka kauli yake ithibitishwe na mwenendo. Ushuhuda hujiweka kwa hiari yake mbele ya kipimo hiki.

Yafaa pia kutofautisha ushuhuda na tungo nyingine za Kikristo. Mathias Mnyampala, kwa mfano, aliihamishia Injili katika bahari ya utenzi katika Utenzi wa Enjili Takatifu. Hiyo ni kazi ya ufundi mkubwa, lakini nafsi ya mtunzi imejificha nyuma ya Maandiko. Ubora wake hupimwa kwa uaminifu wa kusimulia na umahiri wa vina na mizani. Mwenye ushuhuda hana pa kujificha.

Uhuru wa Watumwa: Ushuhuda wa Kurithi

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, huhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za nathari ndefu ya Kiswahili kuandikwa na Mwafrika. Husomwa kama historia, na wengine hukiita riwaya. Makala haya yanapendekeza kisomwe pia kama ushuhuda, ila ushuhuda wa aina ya pekee: Mbotela hakutekwa yeye mwenyewe. Alizaliwa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Anasimulia yaliyowapata wazee wake. Sauti yake ni ya mrithi.

Urithi huu ndio unaoipa kazi hiyo nguvu na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba msimulizi hajisifu. Mateso ya njiani, hofu ya baharini na mshangao wa kuokolewa si mali yake ya kujipatia heshima. Ni amana aliyopewa, naye anaifikisha. Muundo wa safari kutoka bara hadi pwani, kutoka utumwani hadi uhuru, unakwenda sambamba na kisa cha Kutoka katika Biblia bila ya mwandishi kulazimika kuutaja ulinganifu huo kila hatua. Msomaji wa Frere Town angeutambua mara moja, kwani alilelewa na visa hivyo.

Udhaifu umekwisha kuonyeshwa na wahakiki wengi: kitabu kinawasifu mno Waingereza, na kinaufanya ukoloni uonekane kuwa mkono wa Mungu. Lawama hii ni ya haki. Historia inakumbuka kwamba mwaka 1881 msimamizi wa Frere Town alilaumiwa kwa ukali wa adhabu za viboko alizowapa wakazi, na msomaji hana budi kuzipima sifa za kitabu kwa kumbukumbu kama hiyo. Hata hivyo vigezo vilivyopendekezwa vinasaidia kuutaja udhaifu huo kwa usahihi zaidi. Tatizo la Mbotela si imani yake wala shukrani yake, kwa maana aliyevuliwa majini hawezi kulaumiwa kwa kumshukuru aliyemvua. Tatizo liko katika “sisi” ya kitabu. Inawakusanya waliokombolewa na wakombozi wao, na inawaacha nje majirani: Mmijikenda, Mswahili Mwislamu, na mtumwa aliyejikomboa kwa kutoroka bila kungoja manowari. Ushuhuda unaotiwa mpaka hivyo huwatia moyo walio ndani na kuwafungia mlango walio nje. Kengele ya Frere Town, ambayo imepatia mahali pale jina la Kengeleni, iliwaita watu wote kwa sauti. Kitabu kinawaita baadhi tu.

Uamsho: Ushuhuda kama Tendo la Jamii

Wakati Mbotela anachapisha kitabu chake, aina nyingine ya ushuhuda ilikuwa imeanza kuenea katika maziwa makuu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda wa Kampala, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Kutokana na udugu wao na wa wenzao ulitokea Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulikwisha kufika Kenya mwaka 1937. Wafuasi wake waliitwa Abalokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ulivuka mipaka ya lugha kuliko wimbo wowote mwingine wa kanisa katika eneo hili.

Kifasihi, Uamsho uliubadilisha ushuhuda kwa namna tatu. Kwanza, uliuondoa mikononi mwa kasisi. Mpishi, mkulima, mwalimu wa shule na mama wa nyumbani walisimama na kusema, na mara nyingi alisimama mtumishi mbele ya bwana wake. Pili, ulidai uhalisi wa kina. Haikutosha kusema kwamba mtu alikuwa mwenye dhambi. Alitakiwa aitaje dhambi kwa jina, na ikiwa aliiba, akirudishe alichoiba. Hii ni kanuni ya usimulizi kama ilivyo kanuni ya maadili, kwa sababu simulizi la jumla jumla halimgharimu msimulizi chochote, ilhali undani humgharimu. Tatu, uliweka hadhira inayojibu. Aliyeshuhudia angeweza kuitikiwa kwa wimbo, na angeweza pia kuulizwa na ndugu zake kama kweli anatembea nuruni. Katika istilahi za fasihi simulizi, hapa hadhira ni mshiriki katika utendaji, na utendaji huo una udhibiti wake wa ndani.

Gharama ya kauli hizo ilidhihirika wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia mwaka 1952. Wapo ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kiapo cha Mau Mau na papo hapo wakakataa kuchukua silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Msimamo huo unaweza kujadiliwa kisiasa, na umejadiliwa sana, lakini haiwezekani kusema kwamba waliousimamia walikuwa wakiuza maneno.

Pamoja na hayo, Uamsho ulizalisha pia ukariri ambao wahakiki huulalamikia. Yale maungamo yaliyokuwa jambo la kushtusha katika miaka ya 1930 yaligeuka kuwa mtindo katika miongo iliyofuata, kama sitiari inayochakaa kwa kutumiwa mno. Kibaya zaidi, orodha ya dhambi zilizoungamwa ilielekea kuwa ya mambo ya faragha: ulevi, uzinzi, chuki ya moyoni. Dhambi ya taasisi, ya ardhi iliyonyang’anywa au ya kura iliyoibwa, haikuwa na nafasi katika muundo huo. Utanzu ulikuwa na kitenzi cha kuungama lakini haukuwa na kitenzi cha kukemea.

Muge: Mimbari na Gharama

Kitenzi hicho kilisikika kwa nguvu mjini Eldoret katika miaka ya 1980. Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024 na ambao wenyeji hawajaacha kuuita Sisibo kutokana na nambari 64 ya shamba la walowezi, ni mahali ambapo Mnandi, Mkeiyo, Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo hukutana kwa Kiswahili sokoni na kwenye matatu. Anayetaka kuwatia moyo watu wa mji huu kwa pamoja hukabiliwa mara moja na swali la “sisi”.

Alexander Kipsang Muge alikuwa askofu wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Jimbo la Kenya kuanzia mwaka 1983. Kabla ya kuingia utumishi wa kanisa aliwahi kuwa askari wa kikosi cha GSU, na jambo hilo lina maana kwa msomaji wa kauli zake: aliyekuwa chombo cha nguvu za dola ndiye aliyesimama kuikosoa dola, tena ikiongozwa na rais wa jamii ya Wakalenjin kama yeye. Nafsi hiyo ilikuwa hoja. Mtu wa upinzani wa kabila jingine angesema maneno yale yale, naye angepuuzwa kwa urahisi kuwa ni adui.

Suala la kura ya mlolongo linafaa kuangaliwa kwa makini. Chama cha KANU kiliamua mwaka 1986 kwamba wapiga kura katika uteuzi wake wapange foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na utaratibu huo ulitumiwa mwaka 1988. Viongozi wa makanisa, Muge akiwa miongoni mwao, waliupinga. Kwa jicho la fasihi, mlolongo ulikuwa ni ushuhuda wa kulazimishwa. Mwili wa mwananchi ulitakiwa ukiri hadharani jambo ambalo huenda moyo wake haukulikiri, mbele ya chifu na jirani. Si ajabu kwamba watu wa kanisa, ambao utamaduni wao unajengwa juu ya ungamo la hiari, walikuwa wepesi kuutambua ubatili wake. Walijua tofauti baina ya kusimama kwa sababu umeguswa na kusimama kwa sababu unatazamwa.

Mnamo Agosti 1990, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliwaonya hadharani Muge na Askofu Henry Okullu wasikanyage Busia, akadokeza kwamba huenda wasitoke salama. Muge alijibu kwamba angekwenda. Tarehe 14 Agosti alikwenda, akakutana na waumini, na akiwa njiani kurejea Eldoret gari lake liligongana na lori. Alifariki papo hapo. Waziri alijiuzulu, na maswali juu ya kifo hicho hayajaisha hadi leo.

Mhakiki anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Ni rahisi kuyafanya mauti kuwa muhuri unaothibitisha kila neno la marehemu. Kifo huhariri maandishi ya mtu. Hufuta kauli zilizokuwa dhaifu na kuzipigia mstari zile zilizoonekana kutabiri. Lakini gharama aliyolipa msemaji si uthibitisho wa ukweli wa maneno yake, kwani hata mpotofu huweza kufa kwa ajili ya upotofu wake. Gharama huthibitisha kitu kimoja tu, nacho ni kwamba msemaji hakuwa akiwatwika wengine mzigo asioubeba mwenyewe. Muge hakuwaambia waumini waende Busia ilhali yeye amebaki Eldoret. Safari yenyewe ndiyo iliyokuwa hotuba, na kila kauli aliyowahi kuitoa kuhusu woga ingekuwa maneno matupu kama angegeukia njiani.

Korir: Ushuhuda wa Kusikiliza

Mwaka huo huo wa 1990 Cornelius Korir aliwekwa kuwa askofu wa Jimbo Katoliki la Eldoret, wadhifa alioushika hadi alipofariki tarehe 30 Oktoba 2017. Sauti yake haikufanana na ya Muge. Ambapo Muge alikemea, Korir aliketi na kusikiliza, na tofauti hiyo inaonyesha upana wa utanzu unaozungumziwa.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika ghasia ambazo, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ziliua watu 1,133 nchini kote. Tarehe 1 Januari 2008, karibu na Eldoret, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Siku hizo hizo Korir alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na maelfu ya watu wakapata hifadhi. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Askofu aliyewapokea alikuwa Mkalenjin.

Matukio haya mawili yanaliweka neno “sisi” katika mizani. Kiswahili hakitofautishi “sisi” inayomjumuisha msikilizaji na “sisi” inayomtenga. Mhubiri asemaye “sisi watu wa Mungu” huweza kumaanisha wote waliopo, na huweza kumaanisha watu wa lugha yake tu, na sarufi haitamsaliti. Katika nyakati za amani utata huo haudhuru. Katika Januari 2008 ulikuwa ni suala la uhai. Alichokifanya Korir ni kuufasiri utata huo kwa tendo: lango lililofunguliwa liliifafanua “sisi” ya miaka kumi na saba ya mahubiri yake. Na moto wa Kiambaa uliwauliza wahubiri wote wa eneo lile, wa madhehebu yote, “sisi” yao ilikuwa na maana gani.

Uzoefu wake wa upatanishi aliukusanya katika kitabu cha mwaka 2009, Amani Mashinani, kilichoandikwa kwa Kiingereza lakini kikabeba jina la Kiswahili. Uteuzi wa jina unastahili kuzingatiwa. “Mashinani” ni neno lililozoeleka vinywani mwa wanasiasa, ambao husema wanateremka mashinani pindi kura zinapokaribia. Hapa linarejeshwa kwenye maana yake ya asili, ya shina ambalo bila hilo tawi hukauka. Utaratibu unaoelezwa unakwenda hatua kwa hatua: mazungumzo na mtu mmoja mmoja na vikundi vidogo, kisha mikutano ya kila jamii peke yake ambamo watu hutoa ya moyoni, kisha mikutano ya jamii zote kwa pamoja, kisha makubaliano, na hatimaye miradi ya kushirikiana inayowarudisha waliokosana kwenye haja moja.

Mtu anaweza kuuliza kama huo ni ushuhuda, maana askofu hasemi mengi juu ya wokovu wake. Jibu ni kwamba hapa utanzu umepinduliwa ndani nje. Katika ushuhuda wa kawaida mwenye imani husema na wengine husikiliza. Katika utaratibu wa Korir, mwenye imani hutumia heshima aliyojijengea ili wengine waseme. Heshima hiyo haiwezi kutengenezwa kwa siku moja. Mtu aliyepoteza nyumba hatoi ya moyoni mbele ya mgeni, na wala haketi na jirani aliyemshuku kwa sababu tu ameitwa kwa barua. Anaketi kwa sababu aliyemwita anajulikana. Nguvu ya nafsi imetumika kikamilifu, lakini imetumika kuwafungulia wengine vinywa. Kigezo cha pili, cha nafasi ya kujibu, hakijapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Vigezo Mbele ya Shakahola

Sasa vigezo hivi vitatu viwekwe mbele ya mfano unaovitisha. Kama nguvu ya ushuhuda ni nafsi ya msemaji, na kama wafuasi wa Shakahola walivutwa na nafsi ya msemaji, je, uhakiki unaweza kuonyesha tofauti bila kuingilia kazi ya mahakama wala ya wanateolojia?

Unaweza, mradi vigezo vitumiwe kwa pamoja. Kigezo cha gharama kinauliza ni nani aliyefunga na ni nani aliyesalia akihesabu siku. Kauli ambayo gharama yake yote imewaangukia wasikilizaji, hasa watoto wasioweza kukataa, imegeuza ushuhuda kuwa amri. Kigezo cha nafasi ya kujibu kinaangalia mahali na utaratibu: mkutano wa Uamsho ulikuwa na ndugu wanaohoji, na mkutano wa amani ulikuwa na mlalamikaji anayesikilizwa. Msitu, mbali na jamaa, majirani na shule, ni jukwaa lililoondolewa hadhira pinzani. Kigezo cha “sisi” kinatazama kama duara la walengwa linapanuka au linasinyaa. “Sisi” inayozidi kusinyaa mpaka kila aliye nje ahesabiwe kuwa amepotea humwondolea msikilizaji mlango wa kutokea.

Hapana kigezo kimoja kati ya hivi kinachojitosheleza. Mtu anaweza kulipa gharama kubwa kwa ajili ya wazo baya. Mkutano unaweza kuruhusu majibu ya juu juu tu. “Sisi” pana mno inaweza kuwa maneno ya jukwaani yasiyomlenga mtu yeyote. Uthabiti wa vigezo umo katika kukutana kwao. Na vinapotumiwa hivyo, vinafaa kupimia si ajali kubwa tu bali na mambo ya kila siku: mhubiri anayeshuhudia juu ya gari alilobarikiwa nalo huku akiomba sadaka kwa wasio na nauli, au mwanasiasa anayesimama madhabahuni kusimulia wokovu wake miezi miwili kabla ya uchaguzi. Hawa nao wanatumia nafsi zao kama hoja. Mhakiki ana zana za kuuliza ni nani anayelipa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ushuhuda wa Kikristo katika Kiswahili ni utanzu unaostahili uhakiki, kwamba una mizizi katika wasia na katika desturi ya kujisuta iliyokuwepo kabla yake, na kwamba historia yake kutoka Frere Town hadi Eldoret ni historia ya mabadiliko ya fani. Mbotela aliupokea kama amana na akautia mpaka. Uamsho uliupa undani na hadhira inayojibu, kisha ukauachia ukauke kwa ukariri. Muge aliupa kitenzi cha kukemea na akakilipia. Korir aliugeuza uwe njia ya kuwasemesha wengine.

Yapo mengi ya kufanyiwa utafiti. Ushuhuda wa wanawake katika mikutano ya vijijini haujakusanywa kwa utaratibu, ilhali wao ndio wengi wa washuhudiaji. Mahubiri ya Kiswahili ya miji ya Bonde la Ufa, pamoja na mchanganyiko wake wa Kikalenjin na Kikuyu, ni hazina ya mtindo ambayo bado haijaguswa ipasavyo. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangefanya vyema kuchukua vinasa sauti na kwenda kuketi viti vya nyuma, wakisikiliza kwa heshima na bila kujisahau.

Jambo moja halihitaji kusubiri utafiti. Mwenye kutaka kuwavuta wengine kwa imani yake ameichukua methali ya muungwana kuwa hakimu wake, atake asitake. Maneno yake yatahesabiwa kwa mwenendo wake, na mwenendo wake utahesabiwa kwa hali ya waliomwamini. Kazi ya mhakiki ni kuifanya hesabu hiyo kwa uaminifu, kabla ya wengine kulazimika kuifanya kwa koleo.